Muuguzi aliyehama akawa mlezi: kisa cha deni, viza na nyumba mbili

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu muuguzi mmoja, mumewe na watoto wao wawili. Nitamwita Bi. N. Nchi aliyotoka nimeiondoa, pamoja na majina ya wakala, waajiri na miji alikokaa. Hesabu za fedha za familia nimezikadiria kidogo. Uingereza, nchi aliyokwenda, nimeitaja wazi kwa sababu mambo mengi humu yaliendeshwa na sheria zake za viza, na ukizificha sheria hizo kinachobaki ni hadithi ya mkosi tu.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2024 wahamiaji wa kimataifa walikuwa milioni 304. Mwaka uliotangulia, kwa makadirio ya Benki ya Dunia, nchi za kipato cha chini na cha kati zilipokea takriban dola bilioni 656 kutoka kwa watu wao walio nje, kiasi kinachozidi misaada na uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje. Takwimu hizo ni za kweli, lakini hazionyeshi nani alikopa ili aondoke, nani alibaki na watoto, wala pesa ilipofika iliamuliwa na nani. Ndiyo maana hapa nafuatilia kaya moja, tangu siku ya kukopa.

Usuli

Bi. N. alikuwa na miaka 36 na alikwisha kufanya kazi ya uuguzi kwa miaka 11, mingi kati ya hiyo katika wodi ya wazazi ya hospitali ya umma. Mumewe alikuwa fundi umeme mwenye kazi za mkataba, si nyingi, lakini hazikukatika. Walikuwa na binti wa miaka 14 na mtoto wa kiume wa miaka 6. Mama mkwe, aliyekuwa anakaribia miaka 70, aliishi nao.

Hawakuwa fukara. Hili nalisisitiza kwa kuwa watu wengi hudhani anayevuka mabara ni yule aliyekosa kabisa. Fukara hasa hana cha kuweka rehani wala ndugu wa kumkopesha nauli, kwa hiyo safari za mbali za namna hii mara nyingi hufanywa na walio katikati: wana kiwanja cha kuuza, wana cheti, wana chama cha akiba na mikopo kinachowaamini. Kilichomsukuma Bi. N. ni mshahara uliochelewa mara kwa mara, zamu za usiku alizobaki peke yake na wodi nzima, na wenzake watatu waliokwisha kuondoka.

Njia iliyomstahili ilikuwa kwenda kama muuguzi. Lakini usajili katika baraza la uuguzi la Uingereza unadai mtihani wa lugha, mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo unaofanyikia hukohuko, na kila hatua ina ada na foleni yake. Ilikuwapo njia fupi. Tarehe 15 Februari 2022 Uingereza ilifungua viza yake ya sekta ya afya kwa walezi wa wazee na wagonjwa, kwa sababu nyumba za wazee na kampuni za kuhudumia watu majumbani zilikuwa zimeishiwa wafanyakazi. Wakala, mtu aliyefahamika na jamaa wa mume, alimwambia: “Dada, ingia kama mlezi kwanza. Unesi utaufuatia ukiwa ndani.”

Maneno hayo hayakuwa uongo. Yaliacha tu kusema itachukua muda gani na nani atalisha nyumba katika kipindi hicho.

Hesabu ya safari

Wakala alidai pauni 6,500. Ukijumlisha ada ya viza, kipimo cha kifua kikuu na tiketi, gharama ilifika karibu pauni 8,000. Kiwanja kiliuzwa, kaka wa Bi. N. akachangia, na kiasi cha pauni 3,500 kikakopwa kwenye chama cha akiba na mikopo kwa jina la mume, marafiki wawili wakiwa wadhamini.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Cheti cha udhamini, ile hati ambayo mwajiri hutoa ili mfanyakazi aombe viza, wakati huo kilimgharimu mwajiri chini ya pauni 250. Na sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 kuhusu mawakala wa ajira inakataza kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Kwenye risiti wakala aliandika “mafunzo na uchakataji wa nyaraka”. Mafunzo yenyewe yalikuwa vipindi viwili vya mtandaoni.

Bi. N. hakwenda kichwakichwa. Serikali ya Uingereza huweka hadharani orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa nje, naye aliifungua na kulikuta jina la kampuni. Familia ikatulia. Orodha ile, hata hivyo, husema kitu kimoja tu: kampuni ina leseni. Haisemi ina wateja wangapi, wala kama saa za kazi zilizoandikwa kwenye mkataba zipo. Ripoti za chombo kinachokagua huduma za uangalizi England nazo ziko wazi kwa yeyote. Hizo hakuna aliyewaambia wazitazame.

Miezi ya kwanza kazini

Alifika Julai 2023. Mkataba ulisema saa 37 na nusu kwa wiki na pauni 20,960 kwa mwaka, yaani pauni 10.75 kwa saa. Kwa wiki tatu hakupangiwa zamu hata moja. Alipoanza, kazi ilikuwa ya kuzunguka nyumba kwa nyumba: kumwamsha mzee, kumwogesha, kumpa dawa, kuandika kwenye programu ya simu, kisha kwenda kwa mwingine.

Nimesoma slipu yake ya mshahara ya Septemba mstari kwa mstari, pamoja na ratiba aliyotumiwa kwenye simu. Kuna siku aliyotoka saa 12:40 asubuhi na kurudi saa 3:50 usiku. Ndani ya saa hizo 15 na dakika 10 alilipwa saa 6 na robo. Ziara moja ni dakika 15, nyingine 30, chache 45. Muda wa kutoka nyumba moja hadi nyingine haumo, wala ule wa kusubiri ndani ya gari kwa sababu mteja anayefuata ni wa saa mbili baadaye. Kwa sheria ya Uingereza, muda wa kusafiri kati ya mteja na mteja huhesabiwa katika kima cha chini cha mshahara. Kwenye slipu hakukuwa hata na safu ya kuuandika.

Mwezi huo alipata pauni 935. Chumba kilikuwa 450, na kampuni ilikata 160 za gari ililomkodisha, gari ambalo bila hilo asingeweza kuifanya kazi yenyewe. Zilibaki 325, na bado hajala.

Kwa nini hakutafuta kazi nyingine? Viza yake iliruhusu saa 20 za nyongeza kwa wiki katika kazi za aina hiyo kwa mwajiri mwingine, ila tu aendelee na mwajiri aliyemdhamini. Zamu zilipangwa usiku kwa ajili ya kesho yake, hivyo hakuweza kumwahidi mtu mwingine chochote. Tena meneja alikuwa na kauli aliyoirudia kila mtu alipolalamika: atawaripoti Wizara ya Mambo ya Ndani. Walezi waliielewa kuwa ni tishio la kufukuzwa nchini, na hakuna kati yao aliyejua mahali pa kuuliza kama meneja ana uwezo huo.

Nyumbani, wakati huohuo

Mshahara wa kwanza ulipoingia alituma pauni 250. Nyumbani walishangilia. Mume alijua mkataba unasema karibu pauni 1,700 kwa mwezi kabla ya makato, akachukulia mkewe anaweka akiba huko. Bi. N. hakumrekebisha. Baadaye alinieleza hivi: “Kila nikitaka kumwambia nakumbuka kiwanja.”

Mume naye alikuwa na yake. Mama mkwe alikuwa amechoka, mtoto mdogo alihitaji mtu wa kumpeleka na kumrudisha shule, kwa hiyo fundi alianza kukataa kazi za mbali. Kipato chake kikashuka karibu nusu katika miezi minne. Hakumwambia mkewe, kwa sababu aliona aibu kusema kwamba pesa ya Ulaya ndiyo inayonunua hata sabuni.

Msimu wa baridi saa za kazi ziliongezeka na Bi. N. akatuma pauni 600 kwa miezi miwili mfululizo. Mume akaanza kuchimba msingi wa nyumba kwenye ardhi ya baba yake. Mtu wa nje ataliona jambo hilo kuwa la kijinga, na mimi nilipolisikia mara ya kwanza nilikunja uso. Lakini mwanamume ambaye mkewe yuko nje huulizwa kila siku, kwa utani na bila utani, pesa zinakwenda wapi. Msingi ulikuwa jibu linaloonekana. Ulikula pauni 700 na ukasimama hapohapo, nondo zikiwa zimechomoza.

Watoto walikuwa na njia zao. Mdogo alianza kumwita bibi yake “mama”, na alipopewa simu aliionyesha magari yake ya kuchezea badala ya uso wake. Binti alikuwa akipokea simu ya video ya kila Jumapili. Kufikia Januari alikuwa na homuweki kila Jumapili. Kazi za nyumbani alizozifanya mama zilimhamia yeye kuliko baba. Katika mikutano yote ya familia ya kipindi hicho hakuna aliyelitaja hilo kama gharama.

Machi 2024

Serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa kuanzia 11 Machi 2024 walezi hawataruhusiwa tena kuleta wenza na watoto. Habari ilisambaa kwa klipu fupi za simu zenye sauti ya hofu. Wakala akajitokeza tena na “dirisha la haraka”: pauni 1,800 ili mume na watoto waingie kabla ya tarehe hiyo, nusu itangulie.

Waliilipa nusu. Ilitoka kwenye pesa iliyotengwa kwa rejesho la mkopo, nyingine ikaazimwa kwa mlezi mwenzake.

Katazo lile halikumgusa. Waliokwisha kuwa na viza hiyo kabla ya 11 Machi walibaki na haki ya kuleta familia, hata wakibadili mwajiri ndani ya kazi hiyohiyo. Maelezo yalikuwa kwenye tovuti ya serikali, kwa lugha ya kisheria isiyo ngumu sana. Pauni 900 zililipwa kuwahi mlango ambao kwao ulikuwa wazi, na maombi hayakutumwa kamwe. Wadhamini wa mkopo walianza kupigiwa simu mwezi uliofuata.

Barua ya siku 60

Juni 2024 zamu zilikatika ghafla. Habari ilikuja kupitia kundi la WhatsApp la wafanyakazi: leseni ya kampuni imefutwa. Hawakuwa peke yao. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 Uingereza ilifuta leseni zaidi ya 470 za udhamini katika sekta ya uangalizi, na wafanyakazi waliohusishwa na leseni hizo walizidi 39,000. Lengo lilikuwa kuwabana waajiri wanaowanyonya wahamiaji. Adhabu ya kwanza, kwa vitendo, ilimwangukia aliyenyonywa.

Barua ya Wizara ilimfikia Agosti. Viza yake ilifupishwa: apate mdhamini mwingine na kuwasilisha maombi mapya ndani ya siku 60, au aondoke. Akiwasilisha kwa wakati anaruhusiwa kubaki akisubiri jibu, lakini haruhusiwi kuanza kazi mpya mpaka likubaliwe. Misaada ya serikali kwa wasio na kipato haimhusu, maana viza yake inaizuia.

Maamuzi na sababu zake

Mbele yake kulikuwa na njia nne, na kila moja ilikuwa na mtu wa kuisifia.

Kurudi nyumbani kulimaanisha kurudi na deni bila kipato, na nafasi yake hospitalini alikwisha kuiacha. Kuomba hifadhi ya ukimbizi lilikuwa pendekezo la mwenzake wa chumba, aliyeona kuwa litampa muda. Alilikataa kwa hoja ambayo naiona sahihi: hakukimbia mateso, angelazimika kutunga kisa, na kisa cha kutunga kingemharibia usajili wa uuguzi, kazi inayochunguza uaminifu wa mtu. Njia ya tatu ilikuwa kupotea, kufanya usafi kwa malipo ya mkononi na jina la mtu mwingine. Alikiri kwamba hii aliifikiria usiku kadhaa. Iliyobaki ni kutafuta mdhamini mpya.

Kabla ya hapo alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililogeuza mambo. Siku chache baada ya barua kufika aliipiga picha, akapiga picha slipu zote za mwaka mzima, akamtumia mumewe bila maelezo. Kisha akaandika: “Soma zote halafu nipigie. Usimwambie mama bado.” Mume alisoma, akakaa kimya hadi jioni, akapiga. Naye akasema ya msingi na ya kazi alizozikataa. Walizungumza mpaka salio likaisha.

Wiki hiyohiyo ukafanyika mkutano wa familia kwa video, kaka na mama mkwe wakiwamo. Waliamua mambo manne. Bi. N. asitume chochote mpaka aanze kazi mpya. Mume arudi kwenye kazi za mbali, na binamu mmoja ahamie nyumbani kumsaidia bibi, alipwe posho. Nondo na matofali yaliyobaki yauzwe. Na mume, pamoja na wadhamini wake wawili, waende kwenye chama wakiwa na nakala ya barua kuomba mkopo upangwe upya kabla hawajaitwa. Chama kilikubali kurefusha miezi 14, riba ikiwa palepale. Meneja wake aliwaambia kuwa ni mara ya kwanza mteja anakuja na karatasi kabla ya kushtakiwa.

Kazi ilipatikana kupitia mpango wa ushirikiano wa mkoa, mojawapo ya mipango iliyofadhiliwa na serikali England kuwaunganisha walezi waliopoteza wadhamini na waajiri wengine. Ilikuwa nyumba ya wazee yenye wauguzi, mbali na mji aliouzoea. Katika usaili walimwomba ushahidi kuwa aliwahi kufanya kazi kweli, nao wengi wa walioachwa na kampuni ileile hawakuwa nao. Yeye alikuwa na ratiba, slipu na jumbe zote, kwa mazoea ya wodini ya kutotupa karatasi. Maombi yaliingia zikiwa zimebaki siku chache. Aliishi kwa chakula cha kanisa na kochi la mtu mpaka jibu likatoka Novemba.

Matokeo

Kazi mpya ililipa pauni 11.90 kwa saa, kwa saa zilizoandikwa, katika jengo moja. Hakukuwa na gari la kukatwa. Machi 2025 alifaulu mtihani wa kompyuta wa uuguzi. Mtihani wa vitendo una vituo 10, yaani sehemu 10 za kupimwa, na ada yake ni pauni 794. Alikwama vituo viwili, akavirudia, akapita. Alisajiliwa Novemba 2025, na nyumba ileile ya wazee ikampa nafasi ya muuguzi.

Mume na mtoto wa kiume walifika Agosti 2025. Fundi umeme huyo sasa anapanga mizigo ghalani kwa zamu za usiku, kwa kuwa vyeti vyake havitambuliwi bila mafunzo ya ziada ambayo bado hawajaweza kuyalipia. Mtoto alichukua muda kumzoea mama yake; miezi ya mwanzo alipoumia alimkimbilia baba. Deni la chama lilikwisha mwishoni mwa 2025. Kaka hajarudishiwa chake.

Mishahara ambayo haikulipwa na mwajiri wa kwanza haikupatikana. Madai ya namna hiyo kwenye mahakama ya kazi ya Uingereza wakati huo yalikuwa na muda wa miezi mitatu kasoro siku moja, na muda huo ulipita wakati Bi. N. akihesabu siku 60 za viza. Wakala hajarudisha kitu.

Uchambuzi

Ukikipitia kisa hiki kutoka mwanzo utaona kitu kinachojirudia: kila palipopotea pesa, aliyelipa hakuwa na taarifa, na mwenye taarifa hakulipa. Wakala alijua cheti kina gharama gani. Mwajiri alijua hana saa 37 za kumpa. Serikali ilijua katazo la Machi linamhusu nani. Mke alijua slipu zake, mume aliujua msingi wake. Mimi siamini kwamba pauni 8,000 zenyewe ndizo zilizowaangusha. Familia nyingi hulipa kiasi hicho na kusimama. Walianguka kwa sababu walifanya maamuzi matano au sita mfululizo wakiwa gizani, na mawili kati ya hayo giza walilitia wao wenyewe.

Deni lilibadilisha tabia ya mfanyakazi. Mlezi asiye na deni angeweza kugoma wiki ya tatu isiyo na zamu, au angalau kumjibu meneja. Shirika la Kazi Duniani lina kanuni kwamba ada za ajira zisibebwe na mfanyakazi, na watu huichukulia kama suala la huruma. Ukweli ni kwamba ni suala la nguvu: anayeanza kazi akidaiwa hawezi kusema hapana. Udhamini unaomfunga mtu kwa mwajiri mmoja huongeza fundo la pili juu ya hilo.

Kuhusu gharama za kutuma pesa, mijadala mingi hukazia makato. Wastani wa dunia wa kutuma dola 200 bado unazidi asilimia 6, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030, na ni haki kulipigania. Lakini kwa kaya hii makato yalikuwa uvujaji mdogo. Pauni 900 za “dirisha la haraka” na 700 za msingi zinazidi mbali makato yote waliyolipa kwa miaka miwili. Baada ya mkutano wa video walibadili njia ya pesa: karo ikaenda moja kwa moja shuleni, rejesho moja kwa moja kwenye chama, na mume akapokea fungu la matumizi tu. Nilitarajia aone amedharauliwa. Kumbe alipumua, kwa kuwa ndugu wakija kuomba sasa anaweza kusema kweli kwamba pesa hazipiti mkononi mwake.

Kisha kuna ujuzi. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za uajiri wa kimataifa wa watumishi wa afya mwaka 2010, na mwaka 2023 likaorodhesha nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi hao. Nchi ya Bi. N. ni mojawapo. Kanuni za England zinawakataza waajiri na mawakala kwenda kuchota watumishi katika nchi hizo, ila mtu akiomba mwenyewe hazuiwi. Kwenye karatasi Bi. N. aliomba mwenyewe. Nafasi yake wodini ilikaa wazi zaidi ya mwaka, kwa maelezo ya aliyekuwa mwenzake wa zamu. Na kwa zaidi ya miaka miwili Uingereza nayo haikupata muuguzi. Ilipata mtu wa kuogesha wazee kwa ziara za dakika 15. Nchi moja ilipoteza muuguzi na nyingine haikumpata. Hasara ya aina hii haionekani katika takwimu za fedha zinazotumwa, maana pauni ya muuguzi na pauni ya mlezi zikifika benki hufanana. Sasa mume naye yuko ghalani, na hesabu hiyo inaanza upya.

Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliita hali ya mama kwenda kulea kwingine huku wake wakilelewa na wengine mnyororo wa malezi wa dunia. Katika kisa hiki mnyororo ulikuwa na pingili nne: wazee wa Uingereza, Bi. N., mama mkwe, na binti wa miaka 14. Pingili ya kwanza iligharimiwa, ya pili ikalipwa kidogo, ya tatu haikulipwa, ya nne haikuulizwa. Binamu alipoletwa na kupewa posho, ndipo kwa mara ya kwanza malezi ya nyumbani yalionekana kwenye bajeti. Ni uamuzi mdogo, na ungeweza kufanywa Julai 2023, kabla ndege haijaondoka.

Kilichofanya kazi, nikiulizwa, ni karatasi na ukweli wa mapema kiasi. Karatasi zilimpa kazi mpya Uingereza na muda mpya kwenye chama. Ukweli ulikuja baada ya mwaka mzima, umechelewa, lakini ulikuja kabla siku 60 hazijaisha, wakati bado una kitu cha kuokoa. Lililoshindikana hasa, na ambalo hakuna mkutano wa familia uliolirekebisha, ni la binti.

Suala lililo mezani sasa

Baba na mdogo wake walipoondoka, binti alikuwa na miaka 16 na mtihani wa taifa mbele yake. Alisema anabaki kwa bibi. Wazazi walikubali, wakipanga aje baada ya mtihani. Kwa sheria ya Uingereza, mtoto hupewa viza ya mtegemezi ikiwa wazazi wote wawili wako huko au mmoja ndiye mwenye jukumu pekee la malezi. Sharti hilo sasa linatimia. Sharti jingine ni umri: asiyewahi kuwa na viza hiyo lazima aombe kabla ya kutimiza miaka 18, naye anatimiza 2027. Akipita hapo atahitaji njia yake mwenyewe, ya mwanafunzi au ya kazi, kwa ada zake.

Mama anataka maombi yaende mwaka huu, mtihani uahirishwe. Baba anasema asilazimishwe. Binti ameomba apewe slipu za mama za sasa, mkataba wa nyumba wanayokaa, na orodha ya shule zilizo karibu, kisha ndipo atajibu. Wamemtumia zote.